Harage la Bi Zawena

Ramani ya bahari ilitandikwa sakafuni, na watu wa mji wakaambiwa kila mmoja aweke harage pale anapopatia riziki, ili bahari igawanywe kwa haki. Maharage yakajaa karibu na ufuko, ya wavuvi na ya wakulima wa mwani. Bi Zawena aliweka lake mbali, kwenye buluu iliyokolea.

"Huko unavua nini, mama?" mchora ramani aliuliza.

"Sivui. Mume wangu alibaki huko."

"Hapo tumepanga pawe njia ya meli."

"Basi waambie wapite polepole."

Mkutano ulipokwisha, maharage yalizolewa, ramani ikakunjwa. Yeye alibaki amechuchumaa, kidole chake kikigusa saruji pale harage lake lilipokuwa.