Kitone cha Pili

Doto alikuja na farasi wake kusikia neno moja tu, kwamba mimba imeshika. Daktari wa mifugo, mkono ukiwa ndani ya farasi hadi kiwikoni, akamwonyesha vitone viwili vyeusi kwenye skrini ya ultrasound.

"Pacha. Kimoja nitakibana kife."

Mkia wa farasi aliokuwa ameushika ukamponyoka Doto. "Kwa kosa gani, Dokta?"

"Mimba ya binadamu ikifika tumboni hujichimbia ukutani. Ya farasi huzurura kwanza, siku kumi hivi. Hizi bado zinazurura, kwa hiyo naweza kuzitenganisha nikabana moja. Zikishatulia pamoja na kukua zote mbili, huenda tukazikosa zote, na mama yao pia."

Kulwa, pacha aliyemtangulia Doto kuzaliwa, akacheka pale mlangoni. "Mimi sina wasiwasi, mdogo wangu. Niliwahi."

"Unabana kipi?" Doto akauliza.

"Kile kidogo. Cha pili."

Kicheko cha Kulwa kikakatika. Akaja taratibu, akaushika mkia yeye, na kwa mkono mwingine akamshika Doto shati, kama anayemzuia asidondoke.

"Haya, nangoja kauli ya mwenye farasi," daktari akasema.

Doto akainua macho. Kwenye skrini, kile kidogo kilikuwa kimesogea karibu na mwenzake.