Kibodi ya Kusikika Chumba cha Pili

"Hii nayo bubu," mfasiri alisema, akaisukuma kibodi ya tatu juu ya kaunta.

Muuzaji alishusha pumzi. Tangu Jumatatu mteja huyu alikuwa amemganda kama kupe. "Kaka yangu, wenzako wote wanataka isiyo na kelele. Wewe unataka ya kuamsha mtaa?"

"Si mtaa. Chumba cha pili tu."

Mfasiri aligeuka kutazama nyuma. Angeelezaje mambo ya nyumbani kwake mbele ya foleni? Mkewe alikuwa na mwezi wa pili kitandani. Ni moyo, na daktari alikuwa amekata maneno: asipewe habari ya kumshtua, hata ndogo. Kilichomtuliza kuliko vidonge ni kumsikia mumewe akichapa nyuma ya ukuta. "Nikikusikia, najua mambo yetu yanakwenda," alizoea kusema. Lakini wiki iliyopita ukuta ulinyamaza. Mfasiri alimwambia kibodi imekufa, akanunua moja, akanunua ya pili, na zote mkewe hakuzisikia. Sasa alikuwa ameanza kuuliza maswali.

"Chukua basi na mausi mpya," muuzaji alisema.

"Sihitaji."

"Stendi ya skrini? Usipinde shingo."

"Sihitaji!"

"Hedfoni je, ufanye kazi kwa..."

"Dada, nimekuja kwa kitu kimoja! Kimoja tu!"

Foleni ilikohoa. Muuzaji aliingia stoo akinung'unika, akatoka na kibodi nzito ya zamani, vumbi tupu. Mfasiri akaibonyeza. Ta! Ta-ta-ta! Mlinzi wa mlangoni akageuka.

"Hii ndiyo!"

"Subiri kwanza. Waya wake ni wa kizamani. Kompyuta yako ni ya mezani?"

"Ya mezani."

"Hata hivyo sidhani kama utaingia. Na vitu vya stoo havirudishwi, nisije nikakuona tena kesho."

"Utaingia tu," alisema bila kuutazama, akalipa na kuondoka mbio.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alifunga mlango wa sebule, akaketi, akaanza kuchapa. Vidole vilikimbia, vikasita kama vinatafuta neno, vikakimbia tena. Jasho lilimtiririka. Alichapa saa nzima bila kupumzika, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo kifua chake kililegea kidogo.

Kitanda kikalia upande wa pili.

"Unanisikia?" akauliza kwa sauti ya uchangamfu. "Nimepata nyingine!"

"Nakusikia vizuri sana, mume wangu," mkewe akajibu taratibu. "Ila umeme ulikatika wewe ulipotoka asubuhi, na mpaka sasa haujarudi. Acha hiyo kibodi, njoo ukae hapa, uniambie kazi walikuachisha lini."