Unywele wa Mtoto

Walikuwa wanamwomba unywele mmoja tu, na Nilar alikataa.

Baba yake, U Sein Hlaing, alikuwa amelazwa sebuleni tangu jana, amevikwa saruni yake mpya ya kijani na kufunikwa shuka. Gari la kwenda makaburini lilikwisha fika mlangoni. Kilichobaki ni kumfunga vidole gumba vya miguu pamoja, kama wanavyofungwa maiti wote hapa Mandalay, na baba mkubwa U Ba Nyo alikuwa amechoka kubembeleza.

“Hafungwi kwa nywele za mke, wala za ndugu,” alisema. “Ni za mtoto aliyemzaa. Na mtoto ni wewe peke yako.”

“Mfungeni kwa henzirani ya mpira wake,” Nilar alijibu. “Huo ndio aliokuwa akiulea.”

Mzee aliguna tu. Hakuna aliyemkemea, maana kila mtu alijua. Maisha yake yote U Sein Hlaing alicheza chinlone. Mpira ule mwepesi wa henzirani hauna bao wala mshindi: watu husimama duara, mmoja akaingia kati, na kazi ya wote ni kuuzuia kwa miguu yao usiguse chini. Mchezo usio na mshindi hauna mwisho pia, na baba hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Siku ya sherehe ya Nilar kutobolewa masikio, baba alikuwa Monywa, eti timu ya huko haina mtu wa katikati. Alipoolewa, baba alifika wageni wanaondoka, akitokea Monywa hiyohiyo. Majirani walipomwonea huruma mama yake, Daw Hnin Kyi, yeye alicheka akasema amezoea, mpira ndio mke mwenzake.

Kilichomuuma Nilar zaidi kilikuwa kingine. Alipokuwa msichana aliuchukua mpira uani akamwomba baba amfundishe. Baba alimpokonya, akamwambia huu si mchezo wa watoto wa kike.

Sasa wachezaji wa Monywa walikuwa wamekuja kumuaga mwenzao. Walipanga duara uani, na aliyeingia kati alikuwa mwanamke. Aliikaza nguo yake kiunoni, akaupokea mpira kwa goti, akaupandisha, kisha akaupa mgongo na kuupiga kwa unyayo bila kuutazama, shingo imelala kidogo kushoto. Nilar alilijua pigo lile. Alijua hata ile shingo.

Mpira ulipoanguka alimfuata. Mwanamke alisema anaitwa Thuza.

“Nani kakufundisha?”

“Yeye,” Thuza alisema, akielekeza kidevu ndani. “Tangu nikiwa mdogo.”

“Mimi aliniambia si mchezo wa kike.”

Thuza alitazama miguu yake mwenyewe, visigino vimepasuka, ukucha mmoja haupo. “Alitusimulia sana habari zako, dada. Alisema ana binti Mandalay anayesoma, hataki miguu yake iharibike kama yetu.”

Daw Hnin Kyi, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alimwita mgeni aingie anywe chai. Nilar akakimbilia jikoni akalia, na ndiyo mara ya kwanza kulia tangu baba afe. Alilia kwa hasira ya miaka yote ile, na kwa aibu ya maneno aliyoyatamka mbele ya maiti. Kumbe alipendwa. Kumbe alifichiwa mpira kwa kuonewa huruma, naye akadhani amesahauliwa.

Alitafuta mkasi wa mama kwenye kikapu cha ushoni, haukuwepo. Basi akafungua nywele zake na kukata fungu zima kwa kisu cha mboga. Unywele mmoja aliuona haba.

Sebuleni watu walimpisha. Nilar alipiga magoti miguuni pa baba, akamwomba radhi kwa sauti ya chini, akainua shuka.

Vidole vilikuwa vimekwisha fungwa. Unywele mrefu, mweusi, umezungushwa vizuri na kukazwa fundo.

Aligeuka. Mama yake alikuwa ameketi ukutani na mkasi mapajani. Pembeni yake alikaa Thuza, nywele zimefumuka, kichwa amekiinamisha.

“Ulikataa, mwanangu,” Daw Hnin Kyi alisema. “Nikamwomba mdogo wako.”