Majani ya Kaburini

Siwema alikuta makaburi yamefyekwa. Kaburi la mwanawe halikuwa na jiwe. Alama yake ilikuwa majani manene yanayotambaa, aliyoyapanda mwenyewe na kuyamwagilia mpaka yakalifunika kama mkeka. Sasa palikuwa mchanga mtupu.

“Tumekusafishia, mama,” alisema kijana wa kampuni ya gesi. “Kesho tunawahamishia marehemu wenu Quitunda, kwenye kijiji chenu kipya.”

“Wangu yuko wapi?”

Kijana akatazama mchanga. “Si hapahapa?”

Siwema akaenda kwenye lundo la takataka. Majani yalikuwa bado yamejaa maji, yakampasukia mkononi. Akajaza kanga, akarudi, akapiga magoti, akaanza kuyapanda kotekote walikofyeka.

“Mama, gari litapita hapo.”

“Litapita juu ya nani? Nitajie, nisogee.”