Barua Yenye Doa la Kuku

Mwenyekiti wa kijiji alisahau miwani, barua akampa Eufrazia, msomaji wa kanisani, mbele ya mkutano wa wanakijiji. "Wasomee, mama. Fanya haraka, turubai bado sijafunga." Jumamosi alikuwa anaozesha binti.

Barua ilinuka jasho la mfuko wa suruali, imelegea kama kitambaa, pembeni ina doa la mafuta ya kuku. Eufrazia akasoma: zuio la korona limeondolewa. Mnada ruhusa, harusi ruhusa, misiba ruhusa kwa watu wote.

Wanawake wakapiga vigelegele.

Ndipo jicho lake likatua kwenye muhuri wa kupokelea wa ofisi ya kijiji. Ulipigwa tarehe tatu. Leo ni ishirini na moja. Tarehe tisa alimzika mama yake na watu kumi tu. Mwenyekiti huyuhuyu alisimama njiani, barakoa kidevuni, akiwarudisha wanawake waliokuja kumlilia. "Barua haijaja, mama. Ingekuja ningewazuia?"

Kidole chake kilikuwa juu ya lile doa. Akakiondoa kama aliyeshika kinyesi.

"Umemaliza? Lete," mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Bado." Eufrazia akaiinua barua, akaanza upya, safari hii akianzia na tarehe.