Mabibo ya Njano

Kabla jua halijachomoza, Veridiana alikuwa juu ya mkorosho, upindo wa khanga ameuuma kwa meno, akichuma mabibo ya njano haraka haraka kama mwizi. Mstari ule wa mikorosho alipewa yeye na kijiji, na aliupanda kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama Silvesta," mumewe Gervas alinong'ona kutoka chini, "umebakiza moja. Lile pale, linawaka kama karabai."

"Usinichekeshe, Baba Silvesta, nitaanguka!"

Alilichuma. Wakayafukia yote shimoni, wakapiga ishara ya msalaba, wakakimbia nyumbani wakicheka kwa hofu.

Mwaka walipohamishiwa kijiji cha ujamaa Chilangala, Mwenyekiti, Ndugu Basil, aliigawia kila nyumba mbegu za mkorosho wake mmoja, maarufu kwa mabibo mekundu. "Shamba moja, mbegu moja!" alitangaza. Mti wowote wa mbegu nyingine ungekatwa kwa panga, hadharani.

Veridiana alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kuzikaanga. Alipanda mbegu alizookota mahameni, chini ya mkorosho wa marehemu mama yake. Kule kulibaki kaburi na nyasi tu. Mstari huu ndio njia pekee aliyoweza kuhama na mama yake.

Sasa mizinga ya ng'ambo ya Ruvuma ilikuwa imenyamaza, Msumbiji wamepata uhuru wao, na mikorosho ilikuwa inazaa kwa mara ya kwanza. Njano tupu! Kila alfajiri Veridiana alisali, "Ee Mungu, uliyeumba kila mti kwa jinsi yake, wafumbe macho majirani." Na kweli walifumbwa. Hakuna aliyeingia mstari wa mwenzake. Watu walipita shambani wameinamisha vichwa kama wanaotoka kupokea komunyo.

Leo, hata hivyo, anakuja Bwana Shamba.

Aliitwa Ambakisye, mtu wa Mbeya, mrefu, mcheshi, mwenye pikipiki yenye kelele. Katika vijiji vingine mdudu aitwaye mbu wa mikorosho alikuwa amefyonza machipukizi mpaka miti ikaonekana kama imepitiwa na moto. Chilangala peke yake ilikuwa kijani. Alitaka kujua kwa nini.

"Shikamooni wazee! Tuanzie shambani."

"Marahaba. Kwanza chai!" alisema Mwenyekiti, akamkamata mkono.

Baada ya chai, Bwana Shamba aliinuka. Leonia, jirani wa Veridiana, akapiga kigelegele. "Kwanza ngoma!"

Ngoma ikapigwa. Ilipotulia, Bwana Shamba akainuka tena. Wazee wakamwambia njia ya shambani ina nyuki. Kisha ina siafu. Kisha wakamletea kuku mzima.

Veridiana alikuwa anapakua ugali, machozi yakimlenga. Kumbe wanajua! Wanajua, na kijiji kizima kinamficha yeye! Alimshukuru Mungu kwa kumpa majirani wenye moyo namna hii.

"Lakini mabibo yako wapi?" Bwana Shamba aliuliza, akitafuna paja. "Nilipokuwa napita barabarani sikuona hata moja."

"Nyani," alisema Leonia.

"Nyani gani hawabakizi hata moja?"

"Ni nyani wa ujamaa, Bwana Shamba. Wanagawana sawasawa."

Watu waliangua kicheko, wengine wakaanguka mikekani. Ngoma ikaanza upya, Mwenyekiti mwenyewe akaingia kati kutikisa mabega. Walipokumbuka kumtazama mgeni, kiti kilikuwa kitupu.

Veridiana alidondosha mwiko.

Walikaa wakingoja, hakuna aliyethubutu kumfuata. Hatimaye Bwana Shamba alitokea shambani mbio, akirusha miguu, akijipiga mapaja, akizunguka kama pia. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, walikuwa wamemjaa suruali nzima.

"Anacheza kuliko Mwenyekiti!" Leonia alipiga kelele.

Bwana Shamba naye alicheka mpaka akakaa chini. "Hawa ndio askari wenu! Huku mti mmoja unachipua mapema, wa pili unachelewa, wa tatu unachelewa zaidi. Majimoto wana majani mabichi ya kushonea nyumba wakati wote, kwa hiyo hawahami. Mbu akija anawakuta mlangoni. Kule walikopanda mbegu ya mti mmoja, miti yote inachipua pamoja; majani yakikomaa majimoto wanahama, naye mbu akija anafanya karamu." Alifuta machozi. "Basi niambieni, nani alichanganya mbegu?"

Ngoma yenyewe iliwekwa chini taratibu.

Veridiana alisali neno moja tu, akasogea mbele.

"Ni mimi, Ndugu Mwenyekiti. Ni mstari mmoja tu. Ni mti wa marehemu mama yangu. Kama ni panga, nipigeni mimi, mti muuache."

Bwana Shamba alimtazama kwa mshangao. "Mstari mmoja? Mama, nimepita shamba zima. Sijaona mistari miwili inayofanana, wala mti hata mmoja wenye majani kama ya ule mkorosho maarufu wa mabibo mekundu."

Leonia alianza kukagua kucha za miguu yake. Wazee wakayaangalia mawingu. Mtu fulani nyuma alijitahidi kuzuia kicheko, akashindwa.

"Isipokuwa mstari wa Mwenyekiti," alisema Veridiana kwa heshima.

Bwana Shamba alimgeukia Ndugu Basil, ambaye ghafla alikuwa ameinama akitafuta kitu mchangani.

"Huko," alisema Bwana Shamba, "ndiko nilikoanzia."