Mbavu Tatu za Massoudi

Idi, fundi wa magari, alipovunja mlango alimkuta jirani yake Waridi amempandia mumewe kifuani, anamtwanga kwa ngumi zote mbili. Massoudi alikuwa chali sakafuni, midomo imemgeuka rangi, wali umetapakaa kando yake. Ubavu ulipovunjika, mlio wake ulisikika hadi uani.

Idi alimshika Waridi kiunoni akamvuta. Waridi akamng'ata mkono, akarudi kupiga. Ndipo Massoudi akakoroma, akavuta pumzi.

Walimpakia kwenye gari la mteja lililokuwa gereji, wakamkimbiza hospitali.

Mtaa mzima wa Buyenzi uliijua nyumba ile. Massoudi alikuwa na presha. Alikatazwa chumvi na sigara, akapewa vidonge vya kila siku. Sigara hakuacha, vidonge alivitupa, na chakula kikikosa chumvi alimpiga mkewe. Mwaka jana alimvunja taya. Mchana huo alimkaba koo mpaka macho yakamtoka. Ghafla mikono yake ikalegea, jasho likamvuja, akaanguka.

Jioni Daktari Chanelle alitoka kuzungumza na ndugu. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Maumivu ya mkono wa kushoto, ambayo Massoudi aliyaita uchovu wiki mbili nzima, yalikuwa onyo. Leo moyo ulisimama kabisa, na kama kifua kisingeshindiliwa papo hapo, sasa wangekuwa wanatafuta sanda. Mbavu tatu zilizovunjika zisiwatishe, alisema, zitaunga.

Bi Khadidja, mama yake Massoudi, ambaye hakuwahi kumtetea mkwewe hata siku moja, alipiga magoti akambusu mikono iliyovimba. Idi aliomba msamaha kwa kumvuta. Mke wa Idi alisema mwanamke mwingine angemwacha afe.

Daktari alimuuliza Waridi alijifunzia wapi huduma ile. Waridi akaificha mikono ndani ya kanga.

Walipobaki wawili kwenye korido, dada yake Nura alimkumbatia.

"We uko na roho muzuri, Waridi. Vyote alikufanyia, na bado umemuokoa."

Waridi alikuwa akiutazama mlango wa chumba alicholazwa mumewe.

"Mi sikujua kama moyo yake imesimama," alisema polepole. "Nilikuwa nataka kuisimamisha."